Ng'ombe wa Maziwa Hutengenezwa Angali Ndama

(Hotuba iliyosomwa Kariakoo, Dar es Salaam, mbele ya wazee wa vijiji, walimu na wafugaji.)



Nimeombwa niseme habari za ng'ombe wa maziwa, nami nimekubali kwa furaha, ingawa najua ya kuwa wengi wenu mmekulia zizini, hali mimi ni mtu wa mjini. Yamkini wako wanaojiuliza, mtu wa Kariakoo ajua nini juu ya ng'ombe? Hapa ni mahali pa kununua na kuuza, si mahali pa kuchunga. Hata jina lenyewe latokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliokuwa hapa wakati wa vita vya 1914 hadi 1918. Katika habari hizo ng'ombe hatajwi.

Walakini jiji hili limepata kuwa na ng'ombe wengi kuliko mgeni awezavyo kudhani. Katika miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa haufiki mwisho wa mwezi, makarani, walimu, waganga, na wakubwa wa maofisi pia, walianza kufuga ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba zao. Vijana walikata majani mabondeni na kandokando ya njia, wakayafunga juu ya baiskeli, wakayapitisha mlango kwa mlango wakiyauza. Maziwa yaliuzwa kwa jirani kabla jua halijapanda. Ng'ombe walizidi hata sheria ndogo za jiji za mwaka 1990 zikaweka mpaka: mtu mmoja asizidi ng'ombe wanne, tena wafungiwe ndani, wasizurure.

Mimi nalikuwa mmoja wa wafugaji hao, katika uwanja wa nyumba ya marehemu baba yangu huko Ilala. Nitawaeleza kosa langu kwanza, kwa sababu mambo yote nitakayosema leo nilijifunza kwalo.

Nilinunua mtamba mmoja wa Friesian, mweusi mwenye mabaka meupe, kutoka nyanda za baridi. Nilimwuliza mwuzaji neno moja tu: "Mama yake alitoa lita ngapi kwa siku?" Akajibu, "Ishirini." Nikatoa fedha. Sikuuliza alikunywa maziwa kiasi gani alipokuwa ndama, wala sikuuliza kama amepata kuona joto la pwani. Alishuka kwenye lori mwezi wa Januari, akasimama kivulini akihema kinywa wazi. Alipozaa alitoa lita 9, baada ya miezi miwili zikawa 6.

Ndama wake alikuwa jike, nami nikafurahi. Lakini maziwa yalikuwa na wanunuzi mlangoni, na kila lita aliyokunywa ndama niliiona kama fedha inayomwagika. Basi nikampa lita moja asubuhi, na jioni uji wa mahindi. Hakufa. Alikua na tumbo kubwa, manyoya makavu, na miguu myembamba. Alikaribia miaka minne ndipo akazaa, naye akatoa lita 4.

Mwaka uliofuata ng'ombe yule yule alizaa jike mwingine, kwa mbegu ya dume yule yule. Wakati ule nilikuwa na shida ya fedha, nikamwuza ndama huyo akiwa na siku nne kwa mama mmoja mjane aliyekuwa jirani yetu. Mama huyo hakuuza tone la maziwa ya ng'ombe wake mpaka ndama wote wawili, wake na wangu, washibe. Nilimwambia, "Mama, unajipunja." Akanijibu, "Mwanangu, mimi siuzi maziwa ya kesho leo." Ndama huyo alizaa akiwa na miezi 27, akatoa lita 10. Baba mmoja, mama mmoja, mtaa mmoja, na majani ya baiskeli zile zile. Tofauti ilikuwa miezi mitatu ya kwanza tu, na matunzo yaliyofuata.

Tufanye hesabu, maana walimu wapo hapa. Ndama akipewa lita 4 kwa siku muda wa wiki 8, hunywa lita 224. Kisha apunguziwe, apewe lita 2 kwa siku muda wa wiki 4, nazo ni lita 56. Jumla lita 280, basi. Dada wawili wale walipishana lita 6 kwa siku mwanzoni mwa kukamuliwa. Hata tukisema ya kuwa katika siku 300 walipishana lita 3 tu kwa siku, hizo ni lita 900, kwa uzao mmoja tu, pasipo kuhesabu miaka karibu miwili niliyomlisha yule wangu bure akiwa hajazaa. Mimi niliyejidai mwerevu nilibana lita 280 nikapoteza zaidi ya mara tatu yake.

Sasa na tutazame jambo hili lilivyo katika mwili wa mnyama.

Ndama huzaliwa hana kinga ya maradhi. Mtoto wa binadamu hupata sehemu ya kinga ya mama yake angali tumboni, lakini ndama hapati; yote imewekwa katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Tena utumbo wa ndama huipokea kinga hiyo kwa muda mfupi tu. Saa zinavyopita mlango wake unafunga, na baada ya siku moja umefungwa kabisa. Kwa hiyo ndama apate lita 2 za dang'a katika saa mbili za kwanza, na lita 2 nyingine kabla ya nusu siku kupita. Ziko nchi ambazo watu huimwaga dang'a chini wakisema ni chafu. Wazee wangu, nawasihi desturi hiyo muiache. Na mahali pengine hupikwa ikaliwa na watu. Kinachobaki baada ya ndama kushiba hakina neno, lakini yeye awe wa kwanza. Kitovu nacho kipakwe dawa ya iodini siku ile ile.

Jambo la pili ni tumbo. Ng'ombe mzima ana matumbo manne, na lile kubwa la kwanza ndilo linalogeuza majani kuwa chakula, kwa kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndama mchanga analo, lakini ni dogo na halifanyi kazi bado; maziwa hulipita yakaenda moja kwa moja katika tumbo la nne. Ndiyo sababu majani matupu hayawezi kumlisha, na uji wangu wa mahindi haukumfaa. Tumbo kubwa hukua kwa kufanya kazi. Kuanzia wiki ya pili awekewe majani laini makavu, pumba kidogo zilizochanganywa na mashudu, na maji safi wakati wote. Atachezea tu mwanzoni, kisha atakula. Akifika miezi mitatu na kula vema, aweza kuachishwa maziwa.

Hapo ndipo wafugaji wengi husahau. Ndama aliyeachishwa hatoi kitu, wala haliliwi na mtu, basi hutupwa nyuma ya banda na kupewa masalio ya mama yake. Kumbe mtamba hashiki mimba kwa kuhesabu miaka, hushika kwa uzito. Chukueni chotara aliyezaliwa na kilo 30. Yafaa apandishwe afikapo kilo 250 hivi. Akiongezeka nusu kilo kwa siku, atafika uzito huo kwa miezi 15, azae akiwa na miezi 24. Akiongezeka robo kilo tu, atauchukua uzito ule ule kwa miezi 29, azae akiwa na miezi 38. Mfugaji huyu wa pili atasema ng'ombe wake ni wa kabila baya. Kabila halina kosa. Lakini msije mkavuka mpaka upande wa pili mkamnenepesha kupita kiasi kati ya miezi mitatu na tisa, kwa sababu wakati huo kiwele kinajengwa, na mafuta hukaa mahali pa viungo vya maziwa.

Mtamba aliyekomaa huhitaji dume kila baada ya siku 21 hivi. Dalili ni kulia, kutotulia, ute mweupe kama maji ya yai, na iliyo kubwa kuliko zote, kusimama kimya akipandwa na mwenzake. Mjini, ambako ng'ombe yuko peke yake, dalili hiyo ya mwisho haionekani, na watu wengi hupoteza miezi kwa ajili hiyo. Aonekanaye asubuhi ahimilishwe jioni, na aonekanaye jioni ahimilishwe asubuhi. Kuhimilisha ni kumtia ng'ombe mbegu ya dume kwa mkono wa mtaalamu. Mbegu hizo hutengenezwa katika kituo cha taifa kilichoko Usa River karibu na Arusha, na huhifadhiwa katika mtungi wenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mimba huchukua siku 280 na ushei. Kwa wiki sita mpaka nane za mwisho mtamba aongezewe kilo mbili za pumba na mashudu kila siku, kwani ndama wa tumboni hukua sana wakati huo, na mama hujiwekea akiba ya mwili atakayoitumia akikamuliwa.

Sasa nije kwenye swali mnalouliza daima, nalo ni la kabila. Mtu ajapo mjini husema, "Nataka Friesian," kama asemavyo mtu kwenye duka la saa. Friesian ni mnyama wa asili ya Uholanzi na Ujerumani ya kaskazini, na hakuna ampitaye kwa wingi wa maziwa. Lakini mwili wake ni mkubwa, hula sana, na joto humtesa. Ng'ombe akisikia joto hupunguza kula, kwa kuwa tumbo linalosaga majani latoa joto kama tanuri. Apunguzapo kula, maziwa hupungua. Huko Rungwe, Njombe, na katika miteremko ya Kilimanjaro aweza kustarehe. Dar es Salaam, penye joto lililochanganyika na unyevu wa bahari, ni kama kumvika mtu koti la manyoya mchana wa Januari.

Ayrshire wa Scotland ni mdogo kuliko Friesian. Jersey, kutoka kisiwa kilichoko kati ya Uingereza na Ufaransa, ni mdogo zaidi, rangi yake kama ya paa. Maziwa yake si mengi lakini mafuta yake hufika sehemu 5 katika mia, hali ya Friesian ni kama tatu na nusu. Hula kidogo na huvumilia joto kumpita Friesian. Kwa mtu wa pwani mwenye uwanja mdogo, mimi ningemchagua Jersey au damu yake.

Msimdharau ng'ombe wetu wa nundu. Hutoa lita moja au mbili baada ya ndama kunywa, ni kweli, lakini huishi mahali ambapo wale wageni wangekufa kabla ya mwaka kwisha. Wataalamu waliokuwako Mpwapwa tangu miaka ya 1940 waliliona jambo hili, wakachanganya damu ya Red Sindhi na Sahiwal, ambao ni ng'ombe wenye nundu wa Bara Hindi wanaojulikana kwa maziwa, pamoja na ng'ombe wetu wa nundu, Boran, na sehemu ndogo ya Ayrshire. Akatoka ng'ombe aitwaye Mpwapwa, mwekundu, anayestahimili ukame wa Dodoma na kutoa maziwa kumzidi ng'ombe wa asili. Ni fahari ya nchi hii, nami nasikitika kuona jina lake halijulikani na watu wengi.

Njia nyingine ni chotara: mama wa nundu, baba wa Ulaya. Mzao wa kwanza huwa na nguvu ya ajabu, hutoa lita 8 hata 12 akitunzwa vema. Hapo tamaa huingia. Mfugaji humpandisha tena kwa Friesian, na mtoto wake tena kwa Friesian, akidhani kila hatua itaongeza maziwa, mpaka damu ya nundu imekwisha na uvumilivu wote umekwisha nayo. Kwa nchi za joto damu ya Ulaya ikae kati ya nusu na robo tatu, isipite.

Wala joto silo adui wa peke yake. Ndigana kali, iletwayo na kupe, Wazungu huiita homa ya pwani ya mashariki, na pwani inayotajwa ni hii yetu. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipelekwa nchi za kusini badala ya wale waliokufa kwa sotoka na vita, na ugonjwa ukasafiri pamoja nao. Robert Koch, mganga mkubwa wa Kijerumani, alikuwa ameona vijidudu vyake katika damu ya ng'ombe hapa hapa Dar es Salaam mnamo mwaka 1897, lakini akavidhania kuwa vya ugonjwa mwingine. Baadaye Arnold Theiler, mganga wa wanyama huko Afrika Kusini, akautenga ugonjwa huu na ule mwingine, na kijidudu kikapewa jina lake.

Mjini watu husema, "Ng'ombe wangu hatoki bandani, kupe watamfikiaje?" Watamfikia wamepanda baiskeli ya mwuza majani. Kupe hungoja juu ya jani, jani likakatwa, likafungwa, likaletwa mpaka kwenye hori. Mtamba wangu wa Friesian aliugua hivyo hivyo. Tezi chini ya sikio zilivimba, akapata homa, akakohoa na kuhema, na aliponyeka kwa sababu tu dawa ilikuwa karibu. Ng'ombe aliyefungiwa naye aoshwe kwa dawa ya kupe kwa siku zake. Iko pia chanjo inayodungwa mara moja, nayo humkinga mnyama kwa miaka mingi. Mwulizeni mtaalamu wa mifugo wa wilaya.

Juu ya kukamua nitasema machache, maana wengi wenu mwajua. Maziwa hupanda tangu kuzaa hata wiki ya sita au ya nane, kisha hushuka polepole mwezi kwa mwezi. Mlima huo ukiwa mfupi kwa sababu ya njaa, hamwezi kuuinua tena baadaye kwa pumba nyingi. Ng'ombe wa kilo 400 ale kilo 40 hata 50 za majani mabichi kwa siku. Na akizidi lita 5 hivi, apewe kilo moja ya pumba na mashudu kwa kila lita mbili za ziada. Maji asipimiwe. Katika sehemu mia za maziwa, 87 ni maji, na ng'ombe wa pwani aweza kunywa debe nne kwa siku. Nimeona watu wakinunua mashudu ya fedha nyingi, na ndoo ya maji iko tupu tangu saa nne. Apandishwe tena katika mwezi wa pili au wa tatu, na zikibaki siku 60 kabla ya kuzaa aachwe kukamuliwa, hata kama bado anatoa.

Mwisho ni kununua, kwa kuwa najua baadhi yenu mmekuja na fedha kiunoni. Msiulize lita za mama peke yake. Fungueni kinywa: ng'ombe mwenye meno mawili makubwa ya mbele ana umri wa miaka miwili hivi, mwenye manne ana miaka miwili na nusu au zaidi, mwenye nane amekomaa. Mkiambiwa "huyu ni mtamba" nanyi mkaona meno sita na pembe ina pete mbili, huyo amezaa, au amekaa sana pasipo kuzaa, ulizeni sababu. Mwulizeni mwuzaji kama alizaliwa pacha. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume kwa kawaida huwa tasa, naye huuzwa upesi sana kwa mtu asiyejua. Kisha ombeni mwonyeshwe ndama walioko katika zizi hilo. Ndama wakiwa na matumbo makubwa na manyoya makavu kama wa kwangu, rudini nyumbani na fedha zenu.

Maduka ya dawa za mifugo hapa Kariakoo hufungwa jioni, nayo ni saa tisa sasa. Ndani yake huuzwa kamba ya kupimia kifua cha ng'ombe, ambayo upande mmoja ina urefu na upande wa pili ina kilo. Haizidi bei ya lita chache za maziwa. Atakaye kuinunua tufuatane, nami nitawaonyesha namna ya kuizungusha nyuma ya miguu ya mbele. Na kwa kuwa hapa hatuna ng'ombe, Mwalimu mmoja mnene atajitolea.